Nani Amhoji Afisa Ustawi wa Jamii?

Nchini Uingereza mzazi ana milango mingi ya kumlalamikia afisa ustawi wa jamii. Yuko msimamizi wa afisa mwenyewe. Iko ofisi ya malalamiko ya halmashauri. Yuko Ombudsman wa serikali za mitaa na huduma za jamii. Tangu Desemba 2019 kuna pia Social Work England, chombo kinachotunza daftari la usajili na chenye uwezo wa kulifuta jina la afisa. Na kama afisa anatoka Cafcass, taasisi iliyoundwa mwaka 2001 kusimamia maslahi ya watoto katika mashauri ya familia, nayo ina dirisha lake la malalamiko. Lakini siku halmashauri inapofungua shauri la kumwondoa mtoto nyumbani, au siku baba na mama waliotengana wanapofikishana mahakamani kugombea malezi, milango hiyo karibu yote huanza kutoa jibu moja: jambo lako liko mbele ya mahakama, kaliseme huko.

Jibu hilo halijaanzia wala kuishia London. Sheria ya mwaka 2001 iliyounda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya Tanzania inaizuia kuchunguza jambo lililo mbele ya mahakama. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 iliyounda Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo Wakenya wengi huiita ofisi ya Ombudsman, ina zuio hilohilo. Basi suala linalostahili kulinganishwa si iwapo mlalamikaji atafukuzwa mlangoni, maana atafukuzwa karibu kila mahali. Suala ni anachokikuta akishafika huko alikoelekezwa.

Uingereza imeandika utaratibu wake kwa kina, na uzuri wa kuandika mambo kwa kina ni kwamba mtu anaweza kuyahesabu. Kanuni za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Watoto ya 1989, zinaligawa lalamiko katika hatua tatu. Kwanza halmashauri ijaribu kusuluhisha kwa siku 10 za kazi, na inaweza kujiongezea hadi 20. Suluhu ikishindikana, uchunguzi rasmi hupewa siku 25, na mambo yakiwa magumu, 65. Mlalamikaji asiporidhika anaomba jopo, nalo likae ndani ya siku 30, litoe maoni yake ndani ya siku tano, kisha halmashauri ijibu ndani ya siku 15. Jumlisha ukomo wa kila hatua: siku 135 za kazi, yaani wiki 27, na hapo hatujagusa siku ambazo mlalamikaji mwenyewe anazitumia kuandika na kufikiri. Sasa chukua sheria nyingine ya nchi hiyohiyo, ya mwaka 2014, inayotaka shauri la kumwondoa mtoto limalizike ndani ya wiki 26. Hata pale ambapo hakuna mtu wa kulisimamisha, lalamiko lililopita hatua zote kwa mwendo huo linafika wiki moja baada ya hukumu.

Na mara nyingi linasimamishwa. Kanuni zinairuhusu halmashauri kutoshughulikia lalamiko ikiwa kufanya hivyo kutaathiri shauri linaloendelea, na mlalamikaji anapewa mwaka mmoja baada ya shauri kwisha kulileta upya. Kwa Ombudsman hali ni nzito zaidi. Sheria ya mwaka 1974 inamtoa kabisa katika mambo ya uendeshaji wa kesi, kwa hiyo ripoti iliyowasilishwa kwa jaji haiwi yake leo wala haitakuwa yake kesi ikiisha. Mzazi aliyeambiwa asubiri huja kugundua, miezi kadhaa baadaye, kwamba sehemu moja ya lalamiko lake haikuwa ya kusubiri. Ilikuwa imekwisha kufa.

Sina ugomvi na sababu ya mpango huu. Mahakama ikiwa inasikiliza ushahidi kuhusu nyumba ya mtoto, haifai ofisi nyingine itoe hukumu ya pembeni juu ya ushahidi uleule. Tena si kila mlalamikaji ameonewa. Wako wazazi wanaotumia malalamiko kama fimbo: wanamshtaki afisa wa kwanza ili aondolewe, wa pili vivyo hivyo, na kila afisa mpya anaanza faili upya huku mtoto akibaki palepale pa hatari. Waingereza wanajua pia gharama ya afisa mwoga au mzembe. Februari 2000 Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Ivory Coast, alikufa London kwa mateso ya walezi wake. Ripoti ya Lord Laming ya Januari 2003 ilionyesha jinsi ofisi moja baada ya nyingine zilivyomwona na kumwacha apite. Jamaa wa mbali alikuwa amepiga simu halmashauri ya Brent tangu Juni 1999 na taarifa yake haikufanyiwa kazi inavyopaswa. Baadaye, mtoto aliposimama wima kwa hofu mbele ya walezi wake, afisa alidhani kwamba hiyo ni heshima ya kawaida katika familia zenye asili ya Afrika na Karibiani. Msomaji wa kwetu ataisoma sentensi hiyo mara mbili. Tumezoea kulalamika kwamba maafisa wa Ulaya hawaelewi mila zetu, nasi tuna haki ya kulalamika, lakini mtoto huyu aliponzwa na afisa aliyedhani anazielewa.

Kwa hiyo mpango wa Kiingereza unasimama juu ya ahadi moja: kwamba chumba cha mahakama kiko wazi, na yale uliyozuiwa kuyasema ofisini utayasema humo. Ahadi hiyo hutimizwa pale halmashauri inapotaka kumchukua mtoto. Mzazi hupewa wakili kwa gharama ya umma bila kupimwa kipato, na wakili humdodosa afisa kwa saa nzima akitaka. Mwaka 2015 jaji wa mahakama ya familia ya Portsmouth alitoa uamuzi mkali dhidi ya halmashauri ya kaunti ya Hampshire, baada ya kubainika kwamba tathmini iliyoandikwa na afisa mmoja ilibadilishwa na wakubwa zake ikawa mbaya zaidi kwa wazazi, na mahakama ikaelezwa uongo. Jambo hilo lilifichuka mahakamani, maswali yalipoulizwa mbele ya jaji. Kama lingeachiwa utaratibu wa ndani, hatua ya kwanza ya lalamiko ingefika kwa wakubwa haohao, na kesi ya nyani ingepelekwa kwa ngedere.

Ahadi huvunjika katika mashauri ya wazazi wawili wanaogombea malezi. Tangu Aprili 2013 msaada wa kisheria wa serikali umeondolewa kwa sehemu kubwa ya mashauri hayo, isipokuwa pale penye ushahidi wa ukatili wa nyumbani na mambo machache mengine. Humo ndimo afisa wa Cafcass au wa halmashauri anapoagizwa kuandika ripoti juu ya mtoto, na afisa huyo hafiki kizimbani mpaka jaji aagize afike. Mama au baba asiye na wakili anapokea ripoti, anaona kikao ambacho kwa kumbukumbu yake kilichukua dakika chache kimeandikwa kama mahojiano marefu, anapeleka malalamiko Cafcass, anajibiwa kwamba yaliyomo ndani ya ripoti ni ya mahakama, anakwenda mahakamani, hajui kwamba alipaswa kuomba mapema afisa aitwe. Kila aliyemjibu amemjibu sawasawa kwa sheria, naye ametoka mikono mitupu.

Nadhani kosa ni kuyaweka malalamiko yote katika kapu moja. Kuna lalamiko la mwenendo: afisa hakuja siku aliyoahidi, alinitolea lugha ya dharau, alimwambia mwenzangu siri zangu. Hilo linaweza kusubiri, ingawa linauma. Na kuna lalamiko la ukweli: afisa ameandika nisichosema, ameacha kuzungumza na mwalimu wa mtoto, amechukua maneno ya upande mmoja. Hili la pili ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Kulisubirisha mpaka baada ya hukumu ni kuhukumu kabla ya kupima.

Mila ambayo haikuwahi kulitenganisha lalamiko la ukweli na ushahidi iko karibu nasi. Katika fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kadhi hapokei ushahidi mpaka uadilifu wa shahidi ujulikane. Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi, kitabu cha karne ya 13 ambacho wanafunzi wa pwani wamekisoma kwa vizazi, kinaeleza namna: kadhi anaandika jina la shahidi na majina ya wanaoshindana, anaipeleka karatasi kwa mtu anayeaminika, naye anakwenda kuuliza kwa wanaomjua shahidi. Majina ya wanaoshindana yanaandikwa kwa sababu nzuri. Mtu anaweza kuwa mwadilifu kwa watu wote na asifae kwa wawili hawa, kwa kuwa ni mtoto wa mmoja au adui wa mwingine. Hiyo ndiyo tazkiya. Kinyume chake ni jarh, kumtia shahidi dosari, na Mashafi wameiwekea masharti ambayo ningependa yabandikwe katika kila ofisi ya malalamiko duniani. Anayemsifu shahidi halazimiki kutoa sababu. Anayemtia dosari lazima aitaje. Huwezi kusema tu kwamba fulani hafai. Sema alifanya nini. Lakini ukiisha kuitaja na ikathibiti, dosari yako inaishinda sifa ya aliyesifu, maana umejua ambalo yeye hakulijua.

Tazama lilipowekwa lalamiko hapo. Liko ndani ya shauri, kabla ya hukumu, na mwenye kulipima ni yuleyule atakayehukumu. Mlalamikaji mwenye kelele tupu anakwamishwa na sharti la sababu. Mlalamikaji mwenye jambo mahususi anasikilizwa wakati jambo lake bado lina faida. Kanuni za Kiingereza zimetumia kurasa nyingi kutafuta uwiano huo na zikaupata baada ya wiki 27.

Lakini tusiipambe zaidi ya haki yake. Tazkiya ilifaa mji ambao watu wanajuana, ambamo jirani wa shahidi ameswali naye kwa miaka na anajua kama analipa madeni. Afisa wa Cafcass katika jiji la mamilioni hana jirani wa namna hiyo. Isitoshe, tazkiya inapima tabia, na ripoti ya afisa haiharibiki kwa tabia peke yake. Afisa mcha Mungu anaweza kufika nyumbani siku moja tu, siku ambayo mtoto ana homa, akaandika kwamba mtoto amezubaa na hachangamkii mama yake. Hajasema uongo. Wala mahakama ya kadhi haikuwa pepo kwa akina mama: katika madhehebu hayohayo mama akiolewa na mtu baki hupoteza haki yake ya hadhana, yaani malezi ya mtoto, na hakuna udodosaji wa afisa utakaomrudishia.

Hata hivyo kuna jambo jingine katika hadhana linalogusa moja kwa moja suala la ripoti. Kwa Mashafi mtoto akifikia umri wa kupambanua, aghalabu miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani kati ya wazazi wake, na jibu lake hutolewa mbele ya mwenye kuhukumu. Uingereza imechagua njia nyingine. Sauti ya mtoto hubebwa na afisa. Jaji anaweza kukutana na mtoto, lakini mwongozo wa mwaka 2010 unasema mkutano huo si wa kukusanya ushahidi. Njia hiyo ina huruma yake, kwani kumweka mtoto wa miaka minane mbele ya wazazi wake na kumwambia achague ni ukatili hata kama kitabu kimeruhusu. Ila matokeo yake ni kwamba afisa anakuwa mtu pekee aliyesikia. Mzazi anaposoma kwenye ripoti kwamba mtoto amesema hataki kumwona, hana wa kumuuliza ila afisa, na afisa ndiye anayelalamikiwa. Malalamiko makali kuliko yote katika mashauri haya huzaliwa hapo, na wala si lazima afisa awe na nia mbaya. Inatosha kwamba mtoto alisema sentensi ndefu na afisa akaandika fupi.

New Zealand ilijaribu kulihamisha lalamiko hata kabla ya mahakama. Mwaka 1988 kamati iliyowasikiliza Wamaori ilitoa ripoti iitwayo Puao-te-Ata-Tu, iliyosema wazi kwamba idara ya ustawi ilikuwa inawatendea Wamaori kwa ubaguzi uliojengeka ndani ya taasisi. Sheria ya mwaka uliofuata ikaleta kikao cha ukoo. Kwa kawaida mahakama haiwezi kutamka kwamba mtoto anahitaji ulinzi wa dola mpaka kikao hicho kiwe kimeitishwa. Afisa anafika, anaeleza mbele ya bibi, wajomba na mashangazi kile anachokiona kuwa hatari kwa mtoto, anaulizwa maswali, kisha anatoka nje. Ukoo unabaki peke yake kujadiliana.

Msomaji wa Tanga au Machakos hahitaji kuelezwa kikao cha ukoo ni nini. Kipya hapo ni kwamba mwakilishi wa dola analazimika kusema tuhuma zake mbele ya watu ishirini wanaomjua mtoto, na mmoja wao anaweza kumwambia palepale kwamba lile jeraha la mguu lilitokana na baiskeli, kwani alikuwapo. Lalamiko la ukweli linatolewa na kupimwa mara moja, kwa sauti, bila fomu. Wazo kama hilo, la kumweka mtu wa upande huu na mtu wa upande ule, Waislamu wanalo katika wasuluhishi wawili wa wanandoa, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imelipa sura ya kiserikali katika mabaraza ya usuluhishi wa ndoa.

Kisha ikaja Mei 2019. Katika hospitali ya mji wa Hastings, maafisa wa Oranga Tamariki, wizara ya watoto ya New Zealand, walijaribu kumchukua mtoto mchanga kutoka kwa mama yake Mmaori, na video ya tukio ikaitikisa nchi. Walikuwa na amri halali ya mahakama. Ilikuwa amri ya upande mmoja, iliyoombwa bila familia kujulishwa. Kikao cha ukoo, fahari ya sheria ya 1989, kilikuwa kimepitwa kwa mlango wa nyuma, na haikuwa mara ya kwanza. Agosti 2020 Ombudsman wa nchi hiyo alitoa ripoti juu ya kuchukuliwa kwa watoto wachanga, akaonyesha kwamba amri zilizokusudiwa kwa dharura zimegeuzwa kuwa njia ya kawaida. Mwaka 2021 Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai ya Wamaori dhidi ya dola, nalo likaitaka serikali irudi nyuma na kuwaachia Wamaori waongoze mabadiliko. Ripoti ya 2020 nitairudia, kwa sababu ndani yake kuna ufunguo ambao sisi tunao na hatuutumii.

Norway ni habari fupi na ya huzuni. Ina chombo cha malalamiko cha ngazi ya mkoa, ina bodi maalumu inayoamua kabla ya mahakama, ina mawakili wanaolipwa na serikali. Pamoja na hayo, mama mmoja aliyenyang'anywa mtoto wake mchanga mwaka 2008 alikwenda ngazi zote za nchi yake akashindwa, mtoto akaasiliwa, na Septemba 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, katika jopo lake kubwa, ikasema haki yake ya maisha ya familia ilivunjwa. Moja ya kasoro ambazo Strasbourg iliziona ni ile anayoilalamikia kila mzazi wa kila nchi: uamuzi ulitegemea tathmini zilizokuwa zimechakaa, hali ya mama ilikuwa imebadilika, na hakuna aliyekwenda kuitazama upya. Mahakama ya Juu ya Norway ilitoa mwongozo mpya Machi 2020. Mtoto alikuwa na miaka 11 na wazazi wengine.

Nyumbani, mambo yana sura nyingine. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Kenya ilitunga mpya mwaka 2022. Kote mahakama huomba ripoti: huku kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kule kwa afisa wa watoto. Uzito wa ripoti hiyo ni mkubwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania inadhania kwamba mtoto chini ya miaka saba akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kuvunjwa, na silaha ya kuivunja mara nyingi ni karatasi za afisa. Upande wa pili wa kesi wakati mwingine huzisikia karatasi hizo kwa mara ya kwanza zikisomwa.

Afisa huyo ana mzigo wa kweli. Ndiye wa watoto wa mitaani, ndiye wa wazee wasio na ndugu, ndiye anayeitwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, mtoto akifanyiwa ukatili, na usafiri wa kufika kata ya mbali aghalabu hana. Kuna nyumba zinazotathminiwa kwa simu. Kuna pande zinazotathminiwa kwa sababu ndizo zilizotoa nauli, na hili la mwisho linapaswa kutiwa wino mzito: mwenye gari ndiye anayemfikisha afisa nyumbani kwake, na nyumba iliyoonwa ndiyo inayoandikwa vizuri.

Mzazi aliyeachwa nje anafanyaje? Wetu hawaandiki kwa ofisi. Wanapanda kwa mtu. Wanakwenda kwa mkuu wa idara, kwa mkurugenzi, kwa Mkuu wa Wilaya siku ya kusikiliza kero, kwenye kipindi cha redio, na siku hizi wanajirekodi kwa simu. Nimewahi kuisifu njia hii kwa kuwa ina kasi, na kasi ndiyo inayokosekana Uingereza. Lakini Mkuu wa Wilaya hana mamlaka juu ya shauri lililo kwa hakimu. Akiliingilia anavunja mpaka, na asipoliingilia anampa mzazi matumaini hewa. Zaidi ya hapo, njia hiyo inamfaa mwenye ulimi. Mama anayeona haya kusimama mbele ya umati na kusema kwamba ameandikwa kuwa mlevi, hali si mlevi, atakaa kimya.

Uingereza nayo iliwahi kulipitisha lalamiko kwa umati. Mwaka 1987 huko Cleveland watoto 121 walidaiwa na madaktari kuwa wamedhalilishwa kingono, na wengi wakaondolewa majumbani. Wazazi walisikilizwa kwa kuwa walikuwa wengi, na mbunge akalipeleka jambo lao bungeni. Uchunguzi wa Jaji Elizabeth Butler-Sloss wa mwaka 1988 ndio ulioandaa njia ya Sheria ya Watoto ya mwaka uliofuata. Mzazi mmoja wa Cleveland, mwaka wowote mwingine, angepewa fomu.

Tuchukue nini, basi? Si hatua tatu za Kiingereza. Hatuna watumishi wa kuziendesha, na hata wenye nao zinawachelewesha. Ningechukua kitu kimoja kutoka kwa Waingereza, udodosaji: afisa aje, asimame, aulizwe. Kutoka kwa Mashafi ningechukua sharti la sababu, ili hakimu asipoteze siku kwa matusi, na ningeliongezea sharti linalomhusu afisa: ripoti itenge alichokiona kwa macho, alichoambiwa na nani, na anachokidhani yeye. Mzazi asiye na wakili hawezi kushindana na dhana ya mtaalamu, lakini anaweza kabisa kusema kwamba afisa hakufika chumbani anakolala mtoto. Na ripoti imfikie siku kadhaa kabla ya kusomwa. Hayo yote hakimu anaweza kuyaagiza bila kusubiri Bunge.

Jambo la mwisho ndilo lile nililoliahidi. Ombudsman wa New Zealand hakumwambia mama wa Hastings nani alee mtoto wake. Hilo lilikuwa la mahakama. Alichofanya ni kufungua majalada mengi kwa pamoja na kuuliza wizara ina mazoea gani. Tume ya Tanzania ina uwezo wa kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake, na ya Kenya vilevile. Zuio la kugusa shauri lililo mahakamani haliwazuii kuchukua ripoti za ustawi wa jamii za mashauri yaliyokwisha katika wilaya kumi na kutazama: nyumba ngapi zilitembelewa, pande zote mbili au mmoja, nani alilipa nauli, mtoto aliulizwa lini na mbele ya nani. Majalada yako kwenye masjala za mahakama na kwenye makabati ya halmashauri.